Kesi ya wafuma tai wa Denver na chai ya saa nne

Mwaka 2026 inatimia miaka 70 tangu mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani iamue kuwa dakika 15 za kunywa kahawa kazini ni muda wa kulipwa. Kesi hiyo haikutoka kwenye kiwanda cha magari wala mgodini. Ilitoka kwenye karakana ndogo ya kufuma tai.

Mashine za kuuza vitafunio zilikuwapo muda mrefu kabla ya kesi hiyo. Mwaka 1888 kampuni ya Thomas Adams iliweka za chingamu kwenye vituo vya treni New York, na mwaka 1929 Nathaniel Leverone alianzisha Chicago kampuni ya kuzipeleka viwandani. Kahawa ya mashine ikafuata miaka ya 1940. Lakini mfanyakazi asiyeruhusiwa kuinuka, mashine itamfaa nini?

Hapo ndipo anapoingia Phil Greinetz, mwenye karakana ya Los Wigwam Weavers mjini Denver. Mwanahistoria Augustine Sedgewick anasimulia mkasa wake katika kitabu cha Coffeeland cha mwaka 2020. Vita Kuu ya Pili ilimnyang'anya vijana wake. Akaajiri wazee, mikono yao ikashindwa nakshi ndogondogo za tai. Akaajiri wanawake wa makamo. Hao kazi waliiweza, ila kabla siku haijaisha walikuwa hoi. Akawaita kikaoni, nao wakamwambia wanachotaka: mapumziko mawili kwa siku, dakika 15 kila moja, na kahawa au chai.

Kazi ikapanda. Greinetz akafurahi hadi akayafanya mapumziko kuwa lazima kwa kila mtu, kisha akakata nusu saa hiyo kwenye mishahara! Kima cha chini kilikuwa senti 75 kwa saa, na makato yake yaliwashusha wafumaji chini ya hapo. Wizara ya Kazi ikamfikisha mahakamani. Mwaka 1956 majaji wa rufaa wakamgeuzia hoja yake mwenyewe: kama kikombe cha kahawa kinakuongezea tai, basi muda huo ni wako, ulipie.

Wanawake wa karakana ndogo wakashinda, lakini biashara ya mashine ikaendelea kupenda penye watu wengi. Haishangazi. Mashine inakula umeme, inataka gari la kuja kuijaza na mtu wa kukusanya sarafu, na biskuti zisiponunuliwa zinaharibika. Ofisi ya watu 20 hairudishi gharama hizo.

Pengo hilo lilizibwa na watu kama Paul Feldman, mchumi wa Washington aliyeacha kazi mwaka 1984 akawa anasambaza begeli, mikate yenye tundu katikati, kwenye ofisi za watu. Alfajiri anaacha mikate na chombo cha pesa, mchana anarudi kuchukua kilichobaki. Hakuna muuzaji. Aliandika hesabu zake zote, na zikaonyesha kuwa ofisi ndogo zililipa kwa uaminifu kuliko kubwa. Katika kampuni moja yenye ghorofa tatu, waliolipa vibaya zaidi walikuwa wakubwa wa ghorofa ya juu.

Siku hizi huko Marekani mashine zinapokea kadi na simu. Kwetu Dar es Salaam ofisi ndogo inalishwa na dada mwenye deli la vitumbua, chupa ya chai na daftari la madeni, majina yamepigwa mstari kila mwisho wa mwezi, mengine hayajapigwa tangu mwezi juzi. Anahudumia soko ambalo kampuni za mashine zimelikimbia, na bado hukutana na mlinzi anayemfukuza getini.

Kuhusu malipo ya muda wa mapumziko, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano mapumziko ya dakika 60. Kifungu cha 23 kinachoyatoa mapumziko hayo kinasema mwajiri halazimiki kuyalipia, isipokuwa kama mfanyakazi ametakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi. Greinetz angekipenda.