Kawa Whakaruruhau: Historia ya Jina Moja katika Mafunzo ya Wauguzi wa Nyuzilandi

Katika lugha ya Kimaori neno whenua lina maana mbili: ardhi, na kondo la nyuma litokalo baada ya mtoto kuzaliwa. Kwa desturi kondo hilo huzikwa katika ardhi ya ukoo. Msomaji ajuaye maana ya kusema kwamba kitovu cha mtu kimezikwa mahali fulani hatashangazwa na jambo hili. Lakini katika hospitali za Nyuzilandi, kwa miaka mingi ya karne ya 20, kondo lilihesabiwa kuwa taka, likateketezwa. Muuguzi aliyelitupa hakukusudia uovu wowote. Alitenda kama alivyofundishwa. Basi kosa lilikuwa katika mafunzo.

Mafunzo hayo yalikuwa na historia yake. Mkataba wa Waitangi wa mwaka 1840, katika maandishi yake ya Kimaori, uliwahakikishia wakuu mamlaka yao juu ya ardhi, vijiji na vitu vyao vya thamani; maandishi ya Kiingereza yalisema kwamba enzi yote imekabidhiwa Malkia. Mwaka 1907 Bunge lilitunga sheria ya kuwazuia tohunga, yaani waganga na wajuzi wa Kimaori, na sheria hiyo haikufutwa mpaka 1962. Wauguzi wa Kimaori walikuwapo: Akenehi Hei alisajiliwa mwaka 1908, akafariki mwaka 1910 kwa homa ya matumbo aliyoipata akiwauguza jamaa zake. Hata hivyo kazi waliyopewa wauguzi kama yeye ilikuwa kupeleka taratibu za hospitali vijijini. Hospitali yenyewe haikutakiwa kujifunza lolote.

Mwaka 1988, katika mkutano uliofanyika Christchurch, mwanafunzi mmoja wa Kimaori wa mwaka wa kwanza aliwauliza wakubwa wake swali. Walikuwa wakisema juu ya usalama wa kisheria, wa kimaadili, wa kazi na wa elimu. Je, usalama wa utamaduni u wapi? Irihapeti Ramsden (1946–2003), muuguzi na mwalimu wa Kimaori, alilishika swali hilo, na mwaka 1990 likazaa andiko lililoitwa Kawa Whakaruruhau. Kawa ni taratibu zishikwazo kwenye marae, uwanja wa kukutania wa ukoo. Whaka- ni kiambishi cha kutendesha, mfano wa -sha ya Kiswahili, ila chenyewe hutangulia mzizi. Ruru ni kukingika, na hau ni upepo. Kwa hiyo jina zima ladokeza taratibu za kumkinga mtu na upepo.

Mwaka 1992 Baraza la Wauguzi la Nyuzilandi lilitoa mwongozo wa kufundisha somo hili. Hapana budi kulitofautisha na mafundisho ya Madeleine Leininger wa Marekani, aliyetaka muuguzi ausome utamaduni wa mgonjwa. Ramsden alimtaka muuguzi kwanza ajichunguze mwenyewe: mazoea yake, mamlaka yake, na historia iliyompa mamlaka hayo. Tena hukumu ya kwamba huduma ni salama aliiweka mikononi mwa mgonjwa, si mwa muuguzi.

Neno hilo la mwisho liliwaudhi wengi. Tangu 1993 magazeti yalilishambulia somo, na mwaka 1995 suala likafikishwa mbele ya kamati ya Bunge. Mwongozo ulisahihishwa mwaka 1996, lakini jina na somo vilibaki. Mwaka 2003, mwaka aliofariki Ramsden, sheria mpya ilizitaka halmashauri zote zinazosajili wahudumu wa afya ziweke viwango vya umahiri wa kitamaduni.

Lakini umahiri si usalama. Umahiri huweza kupimwa kwa mtihani, na mtahini akawa muuguzi mwingine. Usalama, kwa maana aliyoipa Ramsden, hauna mtahini ila mama aliyejifungua, ambaye ameulizwa, au hakuulizwa, whenua yake ipelekwe wapi.