Mama Akienda Kazini, Mtoto Abaki na Nani?

Somo la Historia kwa Madarasa ya Watu Wazima

   Mwenye daftari alifungue, na mwenye mtoto mgongoni asione haya. Leo somo letu lamhusu yeye kuliko wote.

Wazee wetu walisema: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Ni neno la kweli. Lakini zamani kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Mama alipokwenda shambani, nyumbani alibaki bibi, au shangazi, au mke wa jirani. Leo watu wengi wamehamia mjini. Bibi yuko kijijini, shangazi naye ana kibanda chake sokoni, na jirani humjui hata jina. Mama ataka kwenda kazini alfajiri. Je, mtoto abaki na nani? Mara nyingi hubaki na dada yake mwenye miaka kumi, naye dada huyo siku hiyo haendi shule. Basi mtoto mmoja alelewa vibaya, na mwingine akosa masomo.

Swali hili si geni, wala si letu peke yetu. Watu wa nchi nyingine walikutana nalo kabla yetu. Na tuone walifanya nini, wapi walipata na wapi walikosa.

Mfumaji aliyekuwa mwalimu

Twende kwanza Scotland, kwenye kijiji cha New Lanark, kando ya mto Clyde. Hapo palikuwa na viwanda vikubwa vya kusokota nyuzi za pamba, vikiendeshwa kwa nguvu ya maji. Tangu mwaka wa 1800 msimamizi wake alikuwa Bwana Robert Owen. Siku zile watoto wadogo walifanya kazi viwandani saa nyingi sana. Bwana Owen alikataza watoto chini ya miaka kumi wasiajiriwe katika viwanda vyake. Lakini wazazi wao walikuwa kazini tangu asubuhi mpaka jioni. Watoto hao wakae wapi?

Tarehe 1 Januari 1816, Owen alifungua nyumba ya mafunzo, na ndani yake mlikuwa na shule ya watoto wachanga. Mtoto aliweza kuletwa mara tu alipojua kutembea. Alicheza, aliimba, alicheza ngoma, alionyeshwa vitu vya mashamba na vya misitu na kuulizwa maswali. Hakusumbuliwa kwa vitabu, na ilikuwa mwiko kumpiga au kumtukana.

Sasa sikilizeni jambo hili, ninyi mnaojifunza kusoma ukubwani. Mwalimu wa kwanza wa watoto hao aliitwa James Buchanan. Alikuwa mfumaji wa nguo kwa mkono, na Owen mwenyewe ameandika kwamba mtu huyu hapo mwanzo alikuwa hajui vema kusoma wala kuandika. Msaidizi wake alikuwa msichana wa miaka 17, jina lake Molly Young. Owen aliwachagua kwa sababu walikuwa na upendo wa watoto na subira isiyokwisha. Kisha akawafundisha kazi. Tena Buchanan baadaye aliitwa London kwenda kuongoza shule ya namna hiyo hiyo.

Na fedha zilitoka wapi? Kijiji kilikuwa na duka la kampuni, na faida ya duka hilo ilisaidia kuendesha shule. Lishikeni jambo hilo, tutalirudia.

Ulezi wa senti chache

Lakini New Lanark ilikuwa moja tu. Katika miji mingi ya viwanda Uingereza hapakuwa na mtu wa kuwaangalia watoto wa wafanyakazi. Mama alilipwa mshahara mdogo, hata hakuweza kumlipa mlezi wa kufaa. Akampeleka mtoto kwa mwanamke mzee aliyelea watoto wengi pamoja katika chumba kimoja, kwa senti chache.

Mwanamke mmoja atawanyamazishaje watoto wengi wanaolia kwa njaa? Wengine waliwanywesha dawa tamu iliyouzwa madukani kwa jina la Godfrey's Cordial. Ndani ya dawa ile mlikuwa na afyuni. Mtoto alilala, hakulia, hakuomba hata chakula. Wengi walikonda, na wengine hawakuamka tena. Habari hizi hazikuwa uvumi. Watu waliotumwa kuchunguza mambo ya watoto na viwanda walizipeleka mbele ya Bunge la Uingereza katika miaka ya 1840.

Tusimlaumu upesi yule mama, wala yule mzee. Mama hakuwa na fedha, na mzee hakuwa na mafunzo, wala chakula cha kuwapa, wala msaidizi. Hapa twajifunza jambo la kwanza: ulezi ukiwa wa bei ndogo tu, bila ubora, gharama yake hulipwa na mtoto. Rahisi huvunja upishi.

Meli na watoto

Sasa tuvuke bahari twende Marekani, katika mji wa Portland, jimbo la Oregon. Ni mwaka wa 1943, vita kuu ya pili inaendelea. Wanaume wengi wako jeshini, na nchi yataka meli. Katika viwanja vya kuundia meli vya tajiri Henry Kaiser, maelfu ya wanawake wamejifunza kuchomelea vyuma. Kazi hailali, zamu ni tatu, mchana na usiku.

Wasimamizi wakaona tatizo. Mama mwenye mtoto mgonjwa hakuja kazini. Mwingine alikuja wiki moja, ya pili akaacha, kwa kuwa mlezi wake ameondoka. Mwezi wa Aprili mwaka ule, Bibi Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, alikuja upande wa pili wa mto, Vancouver, kuzindua meli katika kiwanja kingine cha Kaiser. Naye aliwahimiza akina Kaiser wawafikirie watoto wa wafanyakazi wao.

Basi mwezi wa Novemba 1943 vikafunguliwa vituo viwili vya kulelea watoto. Havikuwekwa mbali mjini; viliwekwa penye lango la kiwanja, ili mama ampitishe mtoto akienda kazini na kumchukua akitoka. Kila jengo lilikuwa la duara, vyumba 15 vikizunguka ua wa kuchezea. Madirisha yalikuwa makubwa, na watoto waliweza kutazama kiwanja ambamo wazazi wao walikuwa wakiunda meli. Mabeseni ya kuogea yaliinuliwa juu ili migongo ya walezi isiumie. Palikuwa na chumba cha kuuguzia watoto wenye ugonjwa mdogo. Na mama aliyechoka aliweza kununua chakula kilichopikwa tayari akakipeleke nyumbani.

Vituo vilipokea watoto wa tangu miezi 18 hadi miaka sita. Vilifunguliwa saa zote 24, siku 364 kwa mwaka. Siku ya Krismasi tu ndiyo vilifungwa. Mshauri mkuu alikuwa Bibi Lois Meek Stolz, na msimamizi alikuwa Bwana James Hymes, wote wawili wataalamu wa malezi ya watoto. Waalimu walitafutwa kutoka vyuo vya sehemu nyingi za nchi.

Sasa chukueni kalamu, tufanye hesabu. Fundi stadi wa meli alilipwa kama dola 1 na senti 20 kwa saa. Kwa wiki ya saa 48, zidisha: ni dola 57 na senti 60, bila kuhesabu malipo ya ziada. Ada ya mtoto mmoja kwa wiki ya siku sita ilikuwa dola 5. Maana yake, katika kila dola 11 alizopata mama, hakutoa hata dola moja kamili kwa ulezi. Hii ndiyo bei ambayo mfanyakazi aweza kuilipa.

Lakini je, dola 5 zilitosha kulipa waalimu wenye vyeti, wauguzi, wapishi, na taa za usiku kucha? Hata kidogo. Gharama yake halisi ilikuwa kubwa zaidi. Sehemu iliyobaki iliingizwa katika gharama ya kuunda meli, na meli zilinunuliwa na serikali. Kwa hiyo taifa lote lililipa. Kama vile duka la New Lanark, kuna mfuko mwingine uliosaidia mfuko wa mama.

Matokeo yake? Katika muda usiotimia miaka miwili, watoto 3,811 walilelewa hapo. Ripoti ya vituo ilikadiria kwamba wanawake waliweza kufanya kazi karibu saa milioni mbili kwa sababu watoto wao walikuwa mahali salama. Meli zile si chuma tu, ndugu zangu. Ndani yake mna kazi ya mwalimu aliyemwimbia mtoto usiku ili mama yake ashike moto wa kuchomelea bila wasiwasi.

Vita vilipokwisha

Mwezi wa Septemba 1945 vita vikaisha, na vituo vya Kaiser vikafungwa mwezi huo huo. Serikali ya Marekani ilikuwa pia imetoa fedha kwa vituo vingine vingi, karibu katika kila jimbo, kwa sheria iliyojulikana kwa jina la Lanham. Fedha hizo nazo zikakatwa mwezi wa Februari 1946. Wanawake waliandika barua na kuandamana. Wengine walikuwa wajane, na wengine waume zao walirudi na vilema vya vita. Mahitaji yao hayakwisha pamoja na bunduki. Jimbo la California liliwasikia likaendelea kuvilipia vituo vyake. Majimbo mengi hayakufanya hivyo.

Mwaka wa 1971 Bunge la Marekani lilipitisha mswada wa ulezi wa watoto kwa nchi nzima, lakini Rais Richard Nixon akaukataa. Na mwaka wa 2017 mtaalamu wa uchumi, Bwana Chris Herbst, alitangaza uchunguzi wake juu ya vituo vya sheria ya Lanham. Aliona kwamba vilisaidia akina mama wengi zaidi kufanya kazi, na kwamba watoto waliokulia mahali penye vituo hivyo walifanikiwa zaidi katika masomo na kazi walipokuwa watu wazima. Basi walivifunga vitu vilivyokuwa vikileta faida, kwa sababu faida ile ilichelewa kuonekana. Mtoto si mahindi, huvuni baada ya miezi minne.

Kwetu je?

Labda mtu atasema: "Mwalimu, hayo ni mambo ya matajiri. Sisi hatuna akina Kaiser." Neno hilo lina haki yake. Lakini tazameni Mombasa. Katika miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu pwani walitaka watoto wao wapate msingi wa shule bila kupoteza mafunzo ya dini. Bi Swafiya Said, mwalimu wa hapo hapo, alifanya kazi nao, kwa msaada wa fedha za Shirika la Aga Khan. Wakaanzisha shule za awali ndani ya madrasa. Waalimu walikuwa wanawake wa mtaani, wakafundishwa kazi kama vile Buchanan alivyofundishwa. Vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vifuu vya nazi, vizibo vya chupa na makombe ya pwani. Wazazi walichagua kamati, wakatoa ada ndogo, na mfuko wa akiba ukawekwa ili shule isianguke. Mpango huo ukaenea Unguja na Uganda.

Twaona basi kwamba majengo si jambo la kwanza. La kwanza ni mlezi mwenye upendo, aliyefundishwa na kulipwa. La pili ni idadi ya watoto asizidiwe. La tatu ni bei ambayo mama mwenye kuuza mboga aweza kuilipa. Na la nne, bila hilo yote huanguka, ni mfuko wa pili: wa kijiji, au wa mwajiri, au wa serikali. Anayesema ulezi wa watoto ni shauri la mama peke yake, na amtazame muuguzi aliyemtibu, na mwalimu aliyemfundisha mwanawe, na mwanamke aliyemuuzia chakula cha asubuhi. Kila mmoja wao alimwacha mtoto mahali fulani ili aje kumhudumia yeye.

Na yule dada wa miaka kumi tuliyemtaja mwanzoni? Mdogo wake akipata mlezi, yeye atapata kitabu. Wengi wenu mwajua gharama ya kukikosa kitabu utotoni. Ndiyo maana mko darasani jioni hii. Kwa herini, na Mungu akipenda tutakutana katika somo lijalo.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Owen alimchagua James Buchanan kuwa mwalimu wa watoto wadogo?
2. Ada ya kituo cha Portland ilikuwa dola 5 kwa wiki. Nani alilipa gharama iliyobaki?
3. Fanya hesabu: mama apata shilingi 6,000 kwa siku, na mlezi ataka shilingi 2,000. Ni sehemu gani ya pato lake? Je, aweza kuendelea hivyo mwezi mzima?
4. Katika mtaa wenu, akina mama wakienda sokoni watoto hubaki na nani? Wangapi kati ya walezi hao wangepaswa kuwa shuleni?