Shule ya Kwanza Ilikuwa Saiba

Ukitaka kujua sanaa ya kompyuta ilianzaje Meru na Embu, usianzie kwa wenye tableti na kalamu zake. Anzia kwenye kijitabu cha mazishi.

Nyumba nyingi za huku zina rundo lake, kwenye droo au juu ya kabati. Jalada lina uso wa marehemu, tarehe mbili, na nyuma yake mawingu au machweo ambayo marehemu hakuwahi kusimama mbele yake. Picha yenyewe mara nyingi ilikatwa kutoka kwa picha ya harusi ya mtu mwingine, ama ikatolewa kwa kitambulisho. Fundi wa saiba aliipitisha kwa skana, akafuta mkono wa jirani uliobaki begani, akamvalisha mzee suti ambayo hakuwahi kuimiliki. Hapo kuna kukata, kusawazisha mwanga, kupanga tabaka juu ya tabaka. Ni somo zima la kwanza la Photoshop, na aliyelifanya alikuwa anakimbizana na gari la mochari.

Programu zenyewe zilikuwepo kitambo. Paint ilikuja na Windows ya kwanza mwaka wa 1985, CorelDRAW ikafuata 1989, Photoshop 1990. Bei za hizo mbili za mwisho hazikuwa za mtu anayelipwa kwa ukurasa, kwa hivyo nakala zilipita mkono kwa mkono kwenye CD, na tusijifanye hatujui zilikuwa nakala za aina gani. GIMP imekuwa ya bure tangu miaka ya 90, lakini anayejifunza saiba hufuata ile programu ambayo msee wa kiti cha pili anaweza kumwonyesha.

Kisha kuna stima. Hii hunichoma kidogo. Bwawa la Kindaruma, mtoni Tana, mpakani mwa Embu na Machakos, lilianza kuzalisha umeme 1968. Likafuatwa na Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Nguvu ilitoka Mbeere ikapita juu ya vichwa vya watu kuelekea miji mikubwa, huku boma nyingi za chini ya zile nyaya zikiendelea na koroboi kwa miongo. Kompyuta inahitaji soketi. Ndiyo maana mchoro wa kidijitali huku ulizaliwa mjini, kando ya stendi ya matatu, na mtoto wa kijijini aliukuta pale alipotumwa kuchapisha barua.

Mwaka wa 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa na intaneti ikaanza kupata kasi. Machi 2010 bendi ya Just A Band ikatoa video ya Makmende, na Wakenya kila kona wakaanza kumbandika kwenye majalada ya uongo ya majarida ya ng'ambo. Ule ulikuwa mchezo, lakini mkono uliotumika ni uleule wa kijitabu: toa uso hapa, weka pale, ficha mshono.

Pesa ilikuja na ugatuzi. Uchaguzi wa Machi 4, 2013 ulikuwa na viti vya wawakilishi wadi 45 Meru na 20 Embu, na kila kiti kiligombewa na watu kadhaa. Kila mmoja alitaka bango. Kila mmoja alitaka ngozi isiyo na kipele na kiongozi wa chama amesimama kando yake kana kwamba walipiga picha pamoja. Vijana waliokuwa wakipanga vijitabu wakawa "watu wa grafiksi" kwa msimu mmoja. Waliolia ni wachoraji wa mabango kwa brashi, waliokuwa wamepamba kuta za hoteli na vinyozi kwa miaka. Printa kubwa ilitoa kwa saa moja kile walichofanya kwa siku mbili. Wengine walijifunza maus. Wengi, nadhani, walirudi shambani.

Halafu Desemba 2024. Tarehe 21, kijana wa miaka 24 alitekwa mjini Embu. Iliripotiwa kwamba alikuwa amesambaza picha ya Rais William Ruto akiwa kwenye jeneza. Siku tatu baadaye Gideon Kibet, mchora vibonzo anayejulikana kama Kibet Bull, akatoweka Nairobi. Yeye alikuwa amejipatia jina kwa picha za kivuli cheusi cha Rais huyohuyo. Vijana wa Embu waliandamana. Polisi walikana kuhusika. Wote wawili waliachiliwa mapema Januari 2025.

Jeneza, uso, kompyuta. Mafundi wa Embu walikuwa wakifanya kazi na hivyo vitu vitatu kwa miaka, kwa heshima na kwa shilingi chache, na hakuna aliyewaita wasanii wala wahalifu.

Siku hizi anayeanza hahitaji hata CD. Krita na Inkscape ni za bure, na akili unde kwa simu itamtolea jeneza kwa sekunde. Kwenye vijitabu fundi hakuandika jina lake kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Kwenye bango la mheshimiwa pia hakuandika. Anayeanza sasa, kabla hajajua hata tabaka ni nini, anauliza kwanza kama aweke jina lake halisi kwenye akaunti.