Asili ya Ligi na Uzito wa Kufungwa Mara Moja

Mashabiki wa kandanda, timu yao ifungwapo katika majuma ya mwanzo ya msimu, aghalabu huomboleza kana kwamba ubingwa umekwisha kwenda kwa wengine; walakini mwenye kuichunguza asili ya ligi ataona kwamba ilibuniwa makusudi ili kufungwa mara moja kusiwe hatima ya mtu.

Hapo kabla vilabu vya Uingereza vilishindania Kombe la Chama cha Kandanda, lililoanza msimu wa 1871–72, na kanuni yake ilikuwa kali: afungwaye hutoka. Madhali wachezaji walicheza kwa mapenzi tu, aliyetolewa mapema alipoteza fahari. Lakini ujira ulipohalalishwa mwaka 1885, klabu iliyotolewa ilibaki na mishahara ya kulipa, ilhali mechi za kirafiki, zilizofutwa mara kwa mara, hazikuleta mapato ya kutegemewa. Ndipo William McGregor, Mskoti mwenye duka la nguo mjini Birmingham na kiongozi katika klabu ya Aston Villa, alipoviandikia vilabu vichache mwezi Machi 1888, akitoa rai kwamba vilabu mashuhuri kumi au kumi na viwili vipangiane mechi za nyumbani na ugenini kila msimu.

Ligi ikaanza tarehe 8 Septemba kwa vilabu 12, kila klabu ikiwa na mechi 22. Na la ajabu ni kwamba hesabu ya pointi, mbili kwa ushindi na moja kwa sare, haikuamuliwa hadi Novemba, hata aliyefungwa Septemba hakuweza kujua amepoteza kiasi gani. Preston North End, bingwa wa kwanza, hakufungwa kamwe. Na wala hakutokea mwingine wa kufanya hivyo katika daraja la juu hadi Arsenal msimu wa 2003–04, yaani mabingwa wote wa katikati, kwa zaidi ya karne nzima, walionja kushindwa.

Miongoni mwao ni Manchester United, waliofungua msimu tarehe 19 Agosti 1995 kwa kufungwa 3–1 katika uwanja wa Aston Villa, klabu ileile ya McGregor, hata mchambuzi Alan Hansen akahukumu katika televisheni kwamba timu ya watoto haitwai kitu. Ilipofika Mei, watoto wale walikuwa wametwaa ligi na Kombe pia, ingawa katika mechi 38 walifungwa sita.

Si kwamba kila afungwaye Agosti atacheka Mei, kwani bingwa ni mmoja, na kasoro isiyotibiwa mapema huzaa nyingine. Bali insafu yataka kushindwa kuhesabiwe kama ligi yenyewe inavyokuhesabu, yaani pointi za ushindi zilizokosekana, ambazo hazizidi thamani kwa kupotea mwanzoni.