Mzee Kipara na kiti cha pembeni

Ukiuliza hapa Mtinko ni nani aliyeng'ara katika kundi la Kaole, utatajiwa Kanumba au Ray. Ni nadra kumsikia Fundi Said, yaani Mzee Kipara. Vijana walipewa mapenzi na machozi katika michezo ile ya ITV. Yeye alipewa kiti cha mzee wa nyumba, na hapo ndipo kicheko na mgogoro vilipokutana. Pasipo mzee wa kukaidiwa, ukaidi wa kijana ungekuwa na uzito gani?

Alifariki Januari 2012. Aprili akafuata Kanumba, na maelfu wakafurika Leaders Club. Simlaumu aliyelia, nami nililia. Ila wanafunzi wetu wanaoandika historia ya filamu huianza kwa kijana, na mzee hawamtaji hata katika tanbihi.