Wazee Wasio na Ukoo

Kitomanga, miongoni mwa Wamwera, ukoo hufuata upande wa mama, na mzee asiye na mtoto huwa na wapwa wa kumtunza. Utumwa ndio uliozaa mzee asiye na mtu. Mateka wa bara waliteremshwa Kilwa Kivinje, wakavushwa Unguja. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na amri ya 1897 ikawapa watumwa uhuru wa kisheria. Lakini cheti hakikumrudishia mtu nduguze. Wakongwe kama hao walitunzwa Welezo na masista Wakatoliki, kwa msaada wa fedha za serikali ya kikoloni. Mahali hapo paliitwa nyumba ya maskini, jina ambalo, kwa maoni yetu, lilificha asili ya umaskini wenyewe. Baada ya Mapinduzi ya 1964, makao mengine yalifunguliwa Sebleni.