Nakivale: Namna utafiti wa afya unavyomrudia mkimbizi

Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Watafiti wa afya hufika huko kutoka Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara na kutoka ng'ambo.

Utafiti mmoja, uliochapishwa mwaka 2008, ulihusisha wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia walioathiriwa na kiwewe cha vita. Tiba, ikiwemo ile ya kusimulia maisha hatua kwa hatua, haikutolewa na madaktari bali na wakimbizi wenzao waliofunzwa. Waliotibiwa walipata nafuu kuliko waliofuatiliwa tu. Hapo manufaa yalipangwa tangu mwanzo, kwani ujuzi uliwekwa mikononi mwa wakaazi wenyewe.

Tafiti nyingi huishia kwenye majarida ya Kiingereza, ilhali Nakivale ya leo ina Wakongomani wengi wanaozungumza Kiswahili. Kwa hiyo, kabla ya dodoso la kwanza kujazwa, mpango wa utafiti hauna budi kueleza nani ataarifiwa matokeo, kwa lugha gani, na fedha za kuwarudia waliohojiwa zitatoka wapi. Kipengele hicho cha mwisho ndicho husahaulika mara nyingi.